Kupunguza taka za nyumbani: mwongozo kwa mwenye uani mdogo

Maswali ni yale yale. "Nimepanga vyumba viwili, uani tunachangia, nianzie wapi?" "Si itanuka?" "Chupa za maji zimejaa salfeti nzima, namuuzia nani?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, anayeanza asome mara moja kisha aingie kazini. Mfano wangu ni nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: jiko la mkaa au gesi, nazi ya kukuna, mchicha wa fungu, na gari la taka linalopita siku likijisikia. Aliye Tanga, Mombasa au Unguja atafuata kama yalivyo. Wa bara ataruka habari za nazi na kuendelea na mengine.

Kabla ya yote shika hili moja: kibichi kisilale na kikavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumba zetu ni vitu vinavyooza, yaani maganda, mabaki ya mboga, ukoko na machicha. Hivyo ndivyo vinavyonuka, vinavyoita inzi na panya, na vinavyochafua boksi na chupa hadi mnunuzi anazikataa. Ukishavitoa, kinachobaki kwenye kiroba ni chepesi, hakinuki, na sehemu yake kubwa ina mtu anayeitaka. Ukivichanganya, vyote vinapanda gari moja hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na wewe ndiye uliyelipia safari hiyo kwenye ada ya taka.

Unachohitaji

- Ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko, kwa ajili ya mboji. Zilizokuwa na mafuta ya kupikia ndizo nzuri, na mama lishe wengi wanazo za kuuza. Ndoo za rangi ziache, hasa kama utapanda mboga.
- Ndoo ndogo au kopo la lita 4 au 5 lenye kifuniko, la kukaa jikoni.
- Salfeti mbili za mchele au unga: moja ya vitu vya kuuza, moja ya mabaki yasiyo na kazi.
- Kiroba kimoja cha vitu vikavu: majani makavu yaliyofagiwa uani, maranda ya fundi seremala, au maboksi yaliyochanwachanwa. Maranda mara nyingi hupewa bure. Mwulize fundi kama mbao zimepakwa dawa, na kama zimepakwa usiyachukue.
- Msumari wa inchi nne na koleo la kuushikia.
- Udongo wa bustani, nusu ndoo.
- Kopo la chuma lenye kifuniko, la betri, nyembe na vioo vilivyovunjika.
- Matofali mawili na beseni la zamani.
- Ruhusa. Kama uani ni wa wote, zungumza na mwenye nyumba na wapangaji wenzako kabla hujaweka ndoo. Waeleze ni nini na itakaa wapi. Ndoo isiyojulikana ni ya nani hutupiwa kila kitu, au hutupwa yenyewe.

Hatua ya 1: Zichunguze taka zako wiki nzima

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Kila jioni kabla ya kutoa taka, vaa glavu, zimwage juu ya gazeti uone kumejaa nini. Andika kwa kifupi: maganda mengi, chupa nne, mifuko ya maziwa, wali uliochacha. Wengi hushangaa hapa. Anayedhani tatizo lake ni plastiki hukuta ni wali unaopikwa mwingi kila siku, na aliyekuwa tayari kununua ndoo tatu za mboji hukuta familia yake ni ya chipsi na soda, maganda hakuna.

Usiiruke hatua hii. Ndiyo itakayokuonyesha uweke nguvu wapi katika zinazofuata.

Hatua ya 2: Weka vyombo vinne, kila kimoja na mahali pake

1. Kopo la jikoni, la kibichi. Likae pale pale mnapomenyea. Likiwekwa mbali na ubao wa kukatia, maganda yatarudi kwenye kiroba cha zamani ndani ya siku mbili.
2. Salfeti ya kuuza: chupa, madumu, makopo ya chuma, maboksi. Itundike ukutani mahali pasiponyesha.
3. Salfeti ya mabaki: vile visivyooza wala kuuzika.
4. Kopo la hatari: juu, mbali na watoto.

Onyesha kila mtu wa nyumbani, na zaidi ya wote dada wa kazi na watoto, maana wao ndio wanaoshika taka. Usibandike karatasi ya maelezo ukadhani umemaliza. Shika ganda la ndizi mkononi, uliza liende wapi, ajibu, aliweke mwenyewe.

Hatua ya 3: Kata kabla haijaingia ndani

Hapa maneno machache yanatosha. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017, lakini vile vifuko laini vya kufungia karanga, sukari na viungo vimebaki, na ndivyo vinavyojaa kwenye mitaro. Nenda sokoni na kikapu na vyombo vyako: chupa ya mafuta ya kupima, kopo la dagaa, mfuko wa kitambaa wa mchele na maharage. Mwenye duka hakatai, anapunguziwa gharama ya kifungashio. Maandazi na vitumbua chukua na hotipoti au bakuli.

Kwa chakula, pika kwa kipimo. Chukua kikombe kimoja, kifanye ndicho cha kupimia mchele siku zote, uone kinachobaki, upunguze. Nyanya za sado ni rahisi kuliko za fungu, ila kama robo yake inaozea jikoni basi fungu ndilo rahisi. Zilizoanza kulainika zichemshe zote siku hiyo hiyo, zisage, ziweke kwenye friji au kwa jirani mwenye friji.

Hatua ya 4: Mboji ya ndoo mbili

Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nenda polepole.

1. Pasha msumari kwenye moto, ushike kwa koleo, utoboe matundu 12 hadi 15 kwenye kitako cha ndoo, kisha mengine kama 20 kuzunguka ubavuni, nusu ya juu. Toboa nje penye upepo, moshi wa plastiki si wa kuvuta.
2. Weka ndoo juu ya matofali mawili, beseni likae chini kati yake kukinga maji. Iwe kivulini. Jua la saa nane mchana hukausha ndoo, na kikikauka hakiozi.
3. Tandika vitu vikavu kimo cha vidole vinne, kisha konzi mbili tatu za udongo. Udongo ndio wenye vijidudu vya kuozesha, huhitaji kununua dawa yoyote.
4. Kila jioni mwaga kopo la jikoni. Maganda makubwa yakate kwanza: ganda la ndizi vipande vinne, la tikitimaji vidogo zaidi. Kikiwa kidogo kinaoza haraka.
5. Funika papo hapo kwa vitu vikavu. Kipimo ni kopo moja la kibichi kwa makopo mawili ya vikavu, kwa macho tu, usiende na mizani. Kibichi kisionekane juu hata kidogo.
6. Rudisha kifuniko, kikae tu bila kubana.
7. Kila siku ya tatu au ya nne geuza kwa fimbo, cha chini kije juu. Ukiona kazi ngumu, vikavu vimekuwa vichache na ndoo imeshikana matope.
8. Ndoo ya kwanza ikijaa, ifunike, andika tarehe kwa chaki, anza ya pili. Ya kwanza endelea kuigeuza mara moja kwa wiki. Kwa joto letu huiva miezi miwili hadi mitatu tangu ilipojaa.

Kujua unyevu, chukua konzi moja ukamue. Mkono ukilowa bila kudondosha maji, ndiyo yenyewe. Ikidondosha, ongeza vikavu. Ikimong'onyoka kama unga, nyunyizia maji.

Imeiva lini? Ikiwa nyeusi, ina harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza, na huwezi tena kusema hiki kilikuwa ganda la nini. Ndoo iliyojaa itakuwa imeshuka hadi theluthi au pungufu. Chekecha, vikubwa virudi kwenye ndoo nyingine, na iliyochekechwa iache wiki mbili zaidi kabla ya kupandia.

Vinavyoingia: maganda ya viazi, ndizi, embe na muhogo, mashina ya mchicha, majani ya chai na tangawizi iliyochujwa, maganda ya mayai yaliyopondwa, maua yaliyonyauka. Maganda ya machungwa na ndimu yanaingia pia, mradi yakatwe na yasiwe mengi kwa siku moja.

Visivyoingia: nyama, mifupa, vichwa vya samaki na matumbo yake, mafuta ya kukaangia, maziwa, kinyesi cha paka au mbwa. Si kwamba havitaoza. Vitaoza, ila ndoo ndogo haifikii joto la lundo kubwa la shambani, kwa hiyo vitanuka kabla na panya watafika. Wali na ugali kidogo si neno, fukia katikati. Kokwa za embe na magunzi ya mahindi yatakaa humo mwaka mzima, afadhali ukaushe uwashie moto.

Kwa sababu hiyo hiyo ya joto dogo, mbegu hazifi. Utaona miche ya nyanya, maboga na mipapai inachipua popote utakapotia mboji yako. Ya nyanya na papai mimi huihamisha na kuitunza, sioni sababu ya kung'oa kilichokuja bure.

*Makosa yanayorudiwa:* kumwaga maji ya kuoshea mchele ndani ya ndoo, kutia majivu kibao kila siku (kijiko kimoja kwa wiki kinatosha), na kufunika ndoo kwa nailoni "isinuke". Ukiinyima hewa ndipo inaponuka.

Hatua ya 5: Nazi

Nazi naipa nafasi yake kwa sababu kwa nyumba za pwani ndiyo inayojaza kiroba. Nazi za sokoni mjini huja zimefuliwa, kwa hiyo utabaki na vitu viwili kila siku: machicha na vifuu.

Machicha ni chakula cha kuku. Jirani mwenye kuku atayapokea kila siku, mradi yawe ya siku hiyo. Yakilala kwenye joto yanachacha na kuku hawayataki. Kama hakuna kuku karibu, tia kwenye ndoo ya mboji konzi moja moja, uyachanganye na vikavu vingi. Yakirundikwa pamoja yanashikana, yanapata ukungu, na sisimizi wanahamia na ukoo mzima.

Vifuu haviozi kwenye ndoo, usijisumbue. Kazi yake ya kwanza ni moto: kikavu kimoja kilichovunjwa vipande kinawasha jiko la mkaa bila nailoni wala mafuta ya taa. Moshi wake wa mwanzo ni mzito, washia nje. Kilichopasuka vizuri, nusu na nusu, kisicho na ufa, ndicho cha upawa. Kwaruza nyuzi za nje kwa kipande cha chupa hadi kiwe laini, sugua kwa msasa, toboa matundu mawili karibu na ukingo, pitisha mpini wa mti mkavu, kisha upake mafuta ya nazi ndani na nje. Upawa wa hivi haukwaruzi sufuria, na ukiutunza unakaa miaka.

Vinavyosubiri kazi vilaze kifudifudi. Kifuu kilichotazama juu kikipata mvua kimekuwa bwawa la mbu, na mbu wa dengue wanapenda vyombo vidogo vya namna hiyo kuliko mtaro. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue 2014 na mwingine 2019. Onyo hili hili ni la matairi, makopo na ndoo zilizovunjika.

Ukipata nazi isiyofuliwa, makumbi yakaushe. Yanasugua masizi ya sufuria vizuri yakichovywa kwenye majivu, na nyuzi zake zikichambuliwa ni vikavu safi vya mboji.

Hatua ya 6: Chenga za mkaa

Kila gunia la mkaa lina chenga chini, na watu wengi huzimwaga. Zikusanye kwenye ndoo kavu hadi zifike nusu.

1. Ponda zilizo kubwa, chekecha, ondoa mawe.
2. Pika uji mzito wa unga wa muhogo: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe 10 hadi 12 vya chenga. Unga uliododa au ulioingia wadudu unafaa. Usitumie wa kula, huo ule.
3. Mimina uji ukiwa vuguvugu, kanda kwa mikono hadi ushikane. Kipande cha gazeti lililolowekwa usiku kucha na kupondwa kinaweza kuongezwa.
4. Finyanga madonge ya ukubwa wa limau, yabane sana. Yaliyolegea hupasuka motoni.
5. Anika juani siku tatu hadi tano, ukiyageuza. Jaribu: liangushe moja kutoka usawa wa kiuno. Lisipovunjika, tayari.

Moto wake ni wa taratibu na wa muda mrefu. Ni wa maharage, makande na supu ya kongoro. Kwa chai ya asubuhi mtu akiwa amechelewa kazini utakuudhi. Na kama mkaa wa kawaida, usiuwashe chumbani mlango umefungwa. Hewa yake inaua bila kunuka.

Hatua ya 7: Vya kuuza

Geuza chupa uangalie alama ya pembetatu kitakoni, ndani yake kuna namba.

- Namba 1: chupa za maji na soda. Wanunuzi ni wengi.
- Namba 2: madumu ya mafuta, chupa za shampuu na dawa za kufulia, plastiki nzito isiyoangaza. Nayo inanunuliwa kirahisi.
- Namba 5: ndoo, mabeseni, vyombo vya ice cream. Wengine wananunua, wengine hapana.
- Namba 3, 6 na 7: mara nyingi hazina soko mtaani. Zipeleke kwenye mabaki, na kubwa zaidi ni kuacha kuzinunua.

Suuza kwa maji uliyooshea vyombo, usitumie maji safi. Mwaga, acha zikauke, kanyaga zilale, rudisha kifuniko. Vifuniko ni plastiki ya aina nyingine, kwa hiyo wapo wanunuzi wanaovitaka vikae mbali. Uliza kabla hujajaza salfeti. Boksi zivunje, zifunge kwa kamba, zisipate maji. Boksi lililoloa halinunuliwi.

Kwa vyuma tumia sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikishika ni chuma. Isiposhika na kitu ni chepesi cheupe, ni alumini: makopo ya soda na bia, sufuria zilizotoboka. Alumini ina bei kubwa kuliko chuma kwa kilo, na anayekuja na mizani ya kuning'iniza hatakukumbusha. Itenge wewe mwenyewe. Vyuma chakavu ndivyo vinavyowafanya mafundi wa eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam na wa Kamukunji kule Nairobi watengeneze majiko na mabakuli.

Mnunuzi yuko wapi? Usianze kutafuta kiwanda. Msimamishe kijana anayepita na guta au mkokoteni akiokota makopo, mwulize anapeleka wapi. Kila mtaa una mahali pa mizani. Kama mzigo wako ni mdogo, mpe yeye bure, ukiwa msafi na uliotengwa. Atapita kila wiki bila kuitwa, na kwako hiyo ni faida kuliko shilingi mia chache. Na tafadhali msiite watu hawa wezi. Wao ndio wanaofanya kazi ambayo jiji zima limeikwepa.

Chupa za glasi za soda na bia zirudishe dukani kwenye kreti kama ilivyo desturi. Za jamu na kachumbari baki nazo za achari, pilipili na viungo.

Hatua ya 8: Vya kutumia tena

Nitasema wazi: mapambo ya ua yaliyotengenezwa kwa chupa za maji ni taka iliyocheleweshwa mwezi mmoja. Kitu kilichotengenezwa kwa taka kiwe na kazi, vinginevyo kiuze. Viwili ninavyovipendekeza kwa anayeanza ni hivi.

*Kibuyu chirizi.* Chukua dumu la lita 5. Toboa tundu dogo la msumari ubavuni, vidole vitatu chini ya shingo. Pitisha fimbo kwenye mpini, ulitundike kati ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kugusa kitu. Sabuni itoboe, itundike pembeni. Weka karibu na choo. Chini tia kokoto pasigeuke tope.

*Bustani ya salfeti.* Changanya sehemu moja ya mboji iliyochekechwa na sehemu tatu za udongo, jaza salfeti hadi magotini, toboa chini. Sia mchicha juu, funika kwa udongo kidogo sana, mwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu au ya nne unaanza kuvuna. Usitumie mboji tupu bila udongo, inakauka haraka na miche inaungua.

Matambara ya fulana yawe ya kudekia, na mitandio iliyochakaa iwe ya kufungia vyakula. Ndala zilizokatika hazina soko mtaani kwetu, ingawa Lamu walizitumia pamoja na plastiki zilizookotwa ufukweni kujenga chombo kizima cha baharini, kikasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Wewe kata soli yake, uiweke chini ya miguu ya kabati au ndoo ya maji.

*Maonyo mawili ya lazima.* Chupa au dumu lililokuwa na dawa ya wadudu, ya shamba au ya choo lisitumike kwa maji wala chakula, hata ukiliosha mara saba. Litoboe kabisa ili asije mwingine akaliokota na kulitumia. La pili: usitie mafuta ya taa wala jiki kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto haangalii kilichomo, anaangalia chupa.

Hatua ya 9: Vya hatari na mabaki

Betri za tochi na rimoti, betri za simu zilizovimba, nyembe, sindano na taa zilizoungua ziingie kwenye kopo la chuma. Zile taa za mirija zina zebaki, zisivunjwe. Likijaa, ulizia ofisi ya mtaa kama kuna mahali pa kupokea. Sindano zirudishe zahanati. Vioo vizungushie gazeti nene, uandike VIOO kwa maandishi makubwa, kwa ajili ya mikono ya wanaopakia gari.

Plastiki usichome. Wala nyuma ya nyumba, wala "kidogo tu". Mabomba, viatu na nyaya ndizo mbaya zaidi, moshi wake una sumu na unaingia kwanza kwenye dirisha lako.

Ikigoma

*Ndoo inanuka yai bovu.* Imelowa na haina hewa. Mwaga yote kwenye turubai, changanya na vikavu vingi, rudisha. Angalia pia matundu ya chini, yamkini yameziba. Harufu ikiwa kali ya kuchoma pua, kama choo, umetia kibichi kingi sana kwa mpigo. Dawa ni ile ile.

*Inzi wamejaa.* Hufuniki. Ongeza udongo kidole kimoja juu, usitie kibichi siku mbili, kisha urudie kufukia kila jioni.

*Kuna funza wakubwa, wamefanana na punje za mchele zilizonenepa, rangi ya kahawia.* Usiwamwagie dawa. Hao wanakula taka na hawaleti ugonjwa nyumbani. Kuku wa jirani atawafurahia.

*Sisimizi.* Ndoo ni kavu. Nyunyizia maji, ugeuze. Miguu ya matofali ikae kwenye vyombo vyenye maji, utakavyobadilisha kila siku mbili ili mbu wasizae.

*Mwezi mzima na hakuna kilichooza.* Vikavu vimezidi, au vipande ni vikubwa, au vyote viwili. Ongeza kibichi kilichokatwa, konzi ya udongo au samadi ya mbuzi, na maji.

*Maji meusi kwenye beseni nifanyeje?* Changanya kikombe kimoja na vikombe kumi vya maji, mwagilia migomba au maua kwenye shina. Usinyunyizie mboga za majani.

*Mchicha umetoka mwembamba na wa njano.* Mboji haikuiva. Subiri wiki mbili, ongeza kidogo juu, usichimbe.

*Majirani wanatupa pampasi kwenye ndoo yangu.* Funga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, na uwape wao ndoo yao. Aliye na ndoo yake hachezei ya mwenzake. Kama ni nyumba ya wapangaji wengi, gawaneni mchicha wa kwanza.

*Salfeti ya mabaki bado inajaa kila wiki.* Imwage tena juu ya gazeti kama ulivyofanya hatua ya 1. Ikiwa ni pampasi, hazina njia ya pili: tumia nepi za kitambaa mchana, pampasi ziwe za usiku na safari. Ikiwa ni vifuko vya karanga na mifuko ya maziwa, rudi hatua ya 3. Ikiwa ni chupa za maji, nunua dumu la lita 20, chemsha maji au uyatie dawa, na kila mtu abebe chupa yake kazini na shuleni.